Nani Ameketi, Nani Amesimama: Bibi, Mtumishi na Ngazi za Kijamii katika Michoro ya Nyumbani ya Uholanzi ya Karne ya 17

Mwaka 1655, Nicolaes Maes, kijana wa miaka kama 21 aliyekuwa amemaliza kujifunza kazi katika karakana ya mchoraji Rembrandt na kurejea kwao mjini Dordrecht, alichora picha ndogo ya rangi ambayo leo imo katika National Gallery ya London. Mtumishi wa ndani ameketi, kichwa amekilaza kiganjani, na usingizi umemchukua kabisa. Miguuni pake vyombo vichafu vimetapakaa sakafuni. Nyuma yake paka amekwisha kumdaka ndege aliyenyonyolewa kwa ajili ya mlo. Kwa mbali, ndani ya chumba kilichoinuka ngazi chache, watu wamezunguka meza wakila. Katikati ya yote hayo amesimama mwanamke wa pili, ambaye amenyoosha mkono kumwelekea yule aliyelala, lakini hamtazami yeye wala hamwamshi. Uso wake ameugeuzia kwetu sisi watazamaji, na anatabasamu.

Tabasamu hilo ndilo ufunguo wa aina nzima ya uchoraji ambayo makala haya yanaifafanua. Mwanamke yule anatuita tuwe mashahidi, na kabla hatujajiuliza kama tunataka kazi hiyo, tumekwisha kusimama upande wake. Mchoraji ametuweka katika nafasi ya watu wenye watumishi. Michoro ya maisha ya nyumbani iliyotoka Uholanzi katika karne ya 17 inapendwa duniani kote kwa utulivu wake, kwa mwanga wa dirishani, kwa mitungi na vigae na mikate inayoonekana kana kwamba inaweza kushikwa, na wapenzi wake wengi huichukulia kuwa ni kioo cha maisha ya watu wa kawaida. Nadhani mtu akiitazama hivyo hupitwa na jambo kubwa. Kila picha kati ya hizi imepangwa, na kinachopangwa kwa uangalifu kuliko vyote ni cheo: nani aketi na nani asimame, nani awe ndani na nani awe kizingitini, nani ajue siri na nani alipe gharama ya kosa.

Ili kuelewa kwa nini ilikuwa hivyo, ni lazima kwanza kujua picha hizi zilichorewa nani. Jamhuri ya Uholanzi ilizaliwa katika vita dhidi ya utawala wa Hispania vilivyoanza mwaka 1568 na kumalizika rasmi kwa mkataba wa Münster mwaka 1648. Kanisa la Kikalvini, la Kiprotestanti, lililoshika nafasi ya kwanza katika nchi hiyo halikuwa likiagiza picha za kupamba altare, na jumba la kifalme lenye uwezo wa kulisha wachoraji mamia kwa mamia halikuwapo. Waliokuwapo ni wafanyabiashara, watengeneza bia, wenye karakana, mawakili na maofisa wa miji iliyokuwa ikifura kwa fedha za biashara ya nafaka, samaki, nguo na viungo; Amsterdam peke yake ilikua kutoka watu wapatao 60,000 mwanzoni mwa karne hadi kufikia watu wapatao 200,000 katika miaka ya 1670. Mchoraji alichora, akapeleka sokoni, na mnunuzi akachagua. Msafiri Mwingereza Peter Mundy, aliyepita Amsterdam mwaka 1640, alistaajabu kuona kwamba hata wachinjaji, waoka mikate, wahunzi na washona viatu walikuwa na picha katika sehemu zao za kazi.

Mshangao huo wa Mundy umewafanya watu wengi waseme kwamba hii ilikuwa sanaa ya wananchi wote. Kwa kiasi fulani ni kweli, kwa maana picha ya kawaida ingeweza kununuliwa kwa gulden (fedha ya Uholanzi) chache. Lakini picha zile zenye ufundi mkubwa, ambazo ndizo zinazoning'inia katika makumbusho leo, hazikuwa za mhunzi wa mtaani. Tajiri Pieter Spiering alimlipa mchoraji Gerrit Dou wa Leiden gulden 500 kila mwaka kwa haki tu ya kuwa wa kwanza kuchagua katika kazi zake mpya, wakati ambapo fundi mwenye ujuzi aliweza kuishi mwaka mzima kwa kipato cha gulden kama 300. Mwaka 1663 Mfaransa Balthasar de Monconys alimtembelea mchoraji Johannes Vermeer mjini Delft, akaambiwa picha hazipo, na badala yake akaonyeshwa moja iliyokuwa kwa mwoka mikate. Akaelezwa kwamba imelipiwa livre 600 (fedha ya Ufaransa), naye akaona bei hiyo imepita kiasi kwa picha yenye mtu mmoja tu. Mwoka mikate aliyemudu kitu kama hicho alikuwa mtu mwenye nafasi. Wanunuzi wa michoro hii, basi, walikuwa ni watu wenye mtumishi nyumbani, au waliotamani siku moja wawe naye.

Na mtumishi mwenyewe alikuwa nani? Kwa kawaida alikuwa msichana aliyetoka shamba au mji mdogo, mara nyingi kutoka nchi za Wajerumani au za Skandinavia, aliyeajiriwa kwa mkataba wa miezi sita au mwaka, akapewa chakula, mahali pa kulala na mshahara wa gulden makumi machache kwa mwaka. Nyumba nyingi zilizokuwa na mtumishi zilikuwa na mmoja tu, na jambo hilo lina maana kubwa. Katika jumba la kabaila wa Ufaransa au Uingereza watumishi walikuwa kundi, wana jiko lao, ngazi zao na daraja zao wenyewe kwa wenyewe. Katika nyumba ya Kiholanzi, bibi na mtumishi wake walifanya kazi bega kwa bega ndani ya vyumba vichache: wote wawili walimenya, walikunja mashuka, walikwenda sokoni pamoja. Wageni walishangazwa na uhuru wa watumishi hao. Sir William Temple, balozi wa Uingereza, alisimulia habari za hakimu mmoja aliyekwenda kumtembelea mama mmoja mjini Amsterdam. Mtumishi aliyefungua mlango aliona viatu vya mgeni si safi, basi bila kusema neno akamshika mikono yote miwili, akambeba mgongoni, akavuka naye vyumba viwili, akamweka chini ya ngazi, akamvua viatu na kumvika ndara, na hapo ndipo akamwambia kwamba sasa anaweza kupanda juu kumwona bibi.

Tukio hilo linaonyesha fundo lenyewe. Mtumishi alikuwa chini ya bibi yake, na pengine chini ya kila mtu aliyepita mlangoni, lakini kwa habari ya usafi na mpaka wa nyumba alishika mamlaka ambayo hata hakimu alilazimika kuyatii. Alijua kilichomo kabatini na kilichomo katika barua. Watu wanaoishi karibu namna hiyo huhitaji kukumbushwa mara kwa mara mpaka uko wapi, na waandishi wa wakati ule hawakuchoka kukumbusha. Jacob Cats, mshairi na mwanasiasa, alitoa mwaka 1625 kitabu kikubwa juu ya ndoa kilichomfuata mwanamke kutoka usichana hadi ujane na kueleza wajibu wake katika kila hatua, ukiwamo wa kuwasimamia watumishi. Mwaka 1682 kilichapishwa kitabu cha kejeli kilichodai kwamba watumishi wa kike wa siku hizo wanatawaliwa na mashetani saba. Nyuma ya kejeli hiyo kulikuwa na hofu ya kweli: hofu ya bwana na bibi kwa mtu wanayemhitaji kila saa na wasiyeweza kumfungia nje.

Michoro ilifanya kazi ile ile kwa njia ya macho. Alama zake si nyingi, na mtu akishazijua huanza kuziona kila mahali. Ya kwanza ni mavazi: aproni ya rangi ya buluu, ambayo haionyeshi madoa haraka, ni ya kazi, ilhali aproni nyeupe na koti la hariri lenye ukingo wa manyoya ni vya mtu asiyetarajia kuchafuka. Ya pili ni mkao. Bibi huketi, mara nyingi penye mwanga wa dirisha, na mtumishi husimama au huinama. Ya tatu ni vitu vya mkononi: ndoo, kapu, ufagio na samaki wa sokoni kwa mmoja, barua, ala ya muziki, ushanga wa lulu na funguo kwa mwingine. Ya nne, ambayo kwangu ndiyo ya kuvutia zaidi, ni mlango. Wachoraji wa Delft, hasa Pieter de Hooch, waliijenga picha kama msururu wa nafasi, kutoka ua hadi ukumbi, kutoka ukumbi hadi barabarani, na mahali mtu aliposimama katika msururu huo panasema yeye ni nani.

Tuchukue mchoro wa de Hooch wa mwaka 1658 unaoonyesha ua wa nyumba ya Delft, ambao nao umo London. Picha imegawanyika katikati na ukuta wa matofali. Upande wa kulia, mtumishi anatoka na mtoto wa kike, wameshikana mikono, mtumishi akimtazama mtoto kwa upole usio na unafiki wowote. Ua umefagiliwa, ufagio umeachwa hapo chini na ndoo iko karibu. Upande wa kushoto, chini ya tao la mawe, bibi wa nyumba amesimama katika ushoroba na ametupa mgongo, akitazama nje kuelekea barabarani. Juu ya tao kuna kibao cha jiwe ambacho kiliwahi kuwapo kweli katika nyumba ya watawa ya Mtakatifu Jerome mjini Delft, chenye maneno yanayomwalika mtu kwenye saburi na unyenyekevu, kwa kuwa ni lazima kwanza kushuka ndipo tuinuliwe. Ni mchoro mzuri mno, na wema uliomo ndani yake ni wa kweli. Lakini angalia jinsi kazi ilivyogawanywa. Ulezi, ufagio na ua viko kwa mtumishi. Njia ya kutokea mjini iko kwa bibi. Na maneno ya unyenyekevu yamechongwa juu ya kichwa cha bibi, wakati anayeishi unyenyekevu huo kila siku yuko upande wa pili wa ukuta.

De Hooch aliijua ngazi hiyo kwa miguu yake mwenyewe. Baba yake alikuwa mwashi na mama yake mkunga, na hati ya mwaka 1653 inamtaja yeye kuwa mtumishi na mchoraji wa mfanyabiashara wa vitambaa aitwaye Justus de la Grange. Miaka miwili baadaye orodha ya mali za bwana huyo ilikuwa na picha zake 11.

Hapa ndipo wataalamu wanapogawanyika, na mgawanyiko wao unafaa kuelezwa kwa sababu bila ya kuujua msomaji atachanganywa na kila maelezo atakayoyasoma ukutani mwa makumbusho. Wakosoaji wa karne ya 19, akiwamo Mfaransa Théophile Thoré aliyemfufua Vermeer kutoka katika usahaulifu kwa makala yake ya mwaka 1866, waliipenda michoro hii kwa kuwa waliiona kuwa ni ukweli mtupu wa maisha ya watu huru. Katika karne ya 20 Mholanzi Eddy de Jongh alionyesha, hasa katika maonyesho ya mwaka 1976 ya Rijksmuseum, makumbusho ya taifa yaliyoko Amsterdam, kwamba vitu vingi vilivyomo vina maana ya mafumbo iliyojulikana kutokana na vitabu vya methali na picha vya wakati huo: kiatu kilichovuliwa, ala ya muziki, kiota, mshumaa uliozimika. Kila kimoja kilikuwa onyo. Mwaka 1983 Svetlana Alpers akajibu kwamba tumezidisha kutafuta mahubiri, na kwamba uchoraji wa Kiholanzi ulikuwa kwanza ni furaha ya kuona na kueleza dunia kwa macho, kama vile ramani na hadubini zilivyofanya katika nchi ile ile.

Kinachowaweka sawa wale wanaodhani ni kioo tu ni utafiti wa Willemijn Fock juu ya nyumba zenyewe. Kwa kupitia orodha za mali na mabaki ya majengo, aligundua kwamba zile sakafu za marumaru nyeusi na nyeupe tunazoziona katika mchoro baada ya mchoro zilikuwa adimu sana katika nyumba za watu. Sakafu za mbao ndizo zilizokuwa za kawaida. Taa kubwa za shaba zinazoning'inia darini nazo zilikuwa za makanisani zaidi kuliko za sebuleni. Wachoraji walimtandikia mnunuzi sakafu ambayo hakuwa nayo. Kwa hiyo picha hizi zinaeleza nyumba jinsi wenye nyumba walivyopenda ionekane, na mtumishi naye amechorwa kwa jicho hilo hilo: ama jinsi walivyopenda awe, ama jinsi walivyoogopa awe. Ninaona kwamba de Jongh na Alpers wote wana haki katika sehemu zao, lakini mafumbo na furaha ya macho vyote viwili vilikuwa vya upande mmoja wa ngazi.

Mchoraji Jan Steen anasaidia kulipima hili. Huyu alikuwa mwana wa mtengeneza bia wa Leiden, aliwahi kukodi kiwanda cha bia Delft, na mwaka 1672 akapata kibali cha kufungua kilabu, na Waholanzi hadi leo huita nyumba yenye fujo nyumba ya Jan Steen. Katika mchoro wake wa mwaka 1663 uliopo Vienna, anayelala ni mama mwenye nyumba mwenyewe. Mbwa amepanda mezani na kula andazi la nyama, mtoto anapekua kabati, mwingine anavuta tumbaku, nguruwe ameingia, pipa linamwaga pombe sakafuni, mwanamume amempandishia mguu mwanamke aliyevaa kifahari anayempa glasi ya mvinyo. Juu ya vichwa vyao linaning'inia kapu lenye gongo la kutembelea na vifaa vya ombaomba, tayari kuwadondokea. Linganisha na Maes. Mtumishi akilala, nyumba inapoteza ndege mmoja na bibi anacheka. Bibi akilala, ukoo mzima unaelekea kwenye ufukara. Kosa la mtumishi ni la kuchekesha kwa sababu halikutarajiwa kuwa na uzito; amenyimwa hata heshima ya kuweza kuiangusha nyumba.

Vermeer pia alichora mwanamke aliyelala mezani, yapata mwaka 1657, na picha hiyo iko New York. Orodha ya mnada wa mwaka 1696 ilimtaja kuwa mlevi, na jina la mtumishi limemganda mpaka leo, ingawa masikioni amevaa hereni za lulu na nguo yake si ya jikoni. Aliyelala kazini hudhaniwa mara moja kuwa wa chini.

Kuna mahali pamoja ambapo wachoraji waliiacha ngazi ipinduke, napo ni katika habari za siri. Waswahili husema siri ya mtungi aijuaye ni kata, na hakuna michoro inayoufafanua usemi huo kuliko michoro ya barua iliyoenea katika miaka ya 1660. Mtumishi ndiye aliyepokea barua mlangoni na kuipeleka. Alijua nani anaandikiana na nani. Gabriel Metsu alimchora bibi mdogo akiinamisha barua kuelekea dirishani asome vizuri, huku mtumishi wake, aliyevaa nguo ya kahawia isiyo na pambo na kukumbatia ndoo, akifunua pazia lililofunika mchoro wa bahari iliyochafuka. Bahari katika mafumbo ya wakati huo ilikuwa ni mapenzi na hatari zake. Bibi anasoma maneno. Mtumishi, kwa mgongo uliogeuzwa kwetu, anatazama hali ya hewa ya moyo wa bibi yake.

Vermeer alikwenda mbali zaidi katika mchoro wake wa barua ya mapenzi wa yapata mwaka 1669, uliopo Rijksmuseum. Sisi tuko katika chumba chenye giza, tukichungulia mlangoni. Kizingitini zimeachwa ndara na ufagio, na kapu la nguo liko sakafuni. Kazi za nyumba zimesimama. Bibi ameketi na ala ya nyuzi mapajani, amevaa koti la njano lenye ukingo wa manyoya, barua mkononi, na ameinua macho kwa wasiwasi kumtazama mtumishi. Mtumishi amesimama juu yake, mkono kiunoni, mikono ya nguo imekunjwa, na anatabasamu kama mtu anayejua mambo yatakwendaje. Kwa dakika hiyo moja aliyesimama ndiye mwenye nguvu. Hata hivyo, nguvu hiyo yote ni ya habari za bibi. Hakuna mchoro katika kundi hili ambao mtumishi anaketi kusoma barua yake mwenyewe na bibi akasimama kumngojea. Maes, katika mfululizo wake wa wasikilizaji wa siri, alipompa mtumishi mapenzi yake mwenyewe, aliyafanya yawe jambo la kunyatiwa: bibi anateremka ngazi kimya kimya, katika baadhi ya picha kidole kikiwa mdomoni, na sisi tunaambiwa tunyamaze ili mtumishi anaswe.

Kwa sababu hiyo mchoro wa mtumishi anayemimina maziwa, ambao Vermeer aliuchora yapata mwaka 1658, unastahili kusimamiwa kwa muda mrefu kuliko mingine. Una sentimita 45.5 kwa 41 tu. Mwanamke mwenye mwili wa kazi, mikono ya nguo imevutwa juu na kuonyesha mahali jua lilipokoma, anamimina maziwa kutoka mtungi wa udongo na kuyaingiza katika chungu chenye mishikio miwili. Mbele yake kuna vipande vya mikate, na inadhaniwa anatayarisha chakula cha mkate na maziwa ili mkate uliochacha usitupwe. Ukutani kuna msumari na matundu ya misumari iliyong'olewa. Kabla yake, wapishi na wakamua maziwa walichorwa kwa karne nzima kama vichocheo vya tamaa: Pieter Aertsen na Joachim Beuckelaer wa Antwerp waliwazungushia nyama, kuku na mboga, na Gerrit Dou akawaweka madirishani wakitutazama. Vermeer hakuufuta kabisa urithi huo, kwa maana chini ukutani kuna kigae chenye picha ya mungu wa mapenzi na upinde wake, na kijoto-miguu, yaani kisanduku cha makaa cha kupashia miguu joto, kando yake kilikuwa fumbo linalojulikana la tamaa. Lakini mwanamke mwenyewe hatutazami, hatabasamu, hacheki wala halali. Macho yake yako kwenye uzi wa maziwa.

Uchunguzi wa maabara uliotangazwa na Rijksmuseum mwaka 2022 ulionyesha kwamba awali mchoraji alikuwa ameweka nyuma yake ubao wa kuning'inizia mitungi na chini yake kapu la kuwekea makaa ya moto, kisha akavifunika vyote kwa rangi. Alimwondolea kila kilichomzunguka hadi akabaki yeye na ukuta mtupu, nasi tukimtazama kutoka chini kidogo, kama watu wanavyotazama sanamu ya shujaa. Aproni yake ya buluu, vazi la cheo cha chini, imepakwa rangi iliyosagwa kutoka jiwe la lapis lazuli lililoagizwa kutoka Afghanistan, ambayo ilikuwa miongoni mwa rangi ghali kuliko zote. Sidhani Vermeer alikusudia kupinga utaratibu wa jamii yake. Picha ilikaa katika nyumba ya matajiri wa Delft, na katika mnada wa mwaka 1696 iliuzwa gulden 175, ikipitwa na moja tu kati ya kazi zake 21 zilizouzwa siku hiyo. Ila ndani ya fremu hiyo hakuna anayeitwa kumhukumu mwanamke huyu, na ukiitazama baada ya Maes utaona jinsi hilo lilivyokuwa jambo kubwa.

Maisha halisi ya watumishi lazima tuyatafute kwingine, na yapo, katika karatasi za wathibitishaji wa hati na za mahakama. Familia ya Vermeer iliishi kwa mama mkwe wake, Maria Thins, na mtumishi wao aliitwa Tanneke Everpoel. Katika miaka ya 1660 Tanneke alitoa ushahidi mbele ya mthibitishaji kwamba Willem Bolnes, shemeji wa mchoraji, alimshambulia dada yake Catharina, mke wa Vermeer, kwa fimbo yenye ncha ya chuma, naye Catharina akiwa na mimba pevu, na kwamba ni yeye, mtumishi, aliyemzuia. Ujasiri wa namna hiyo hakuna mchoraji aliyeuweka turubaini. Kwa Rembrandt mambo yalikuwa mabaya zaidi. Baada ya mkewe Saskia kufariki mwaka 1642, Geertje Dircx aliajiriwa kumlea mtoto Titus, akawa mpenzi wa bwana wake na kupewa mapambo ya marehemu. Walipokosana mwaka 1649 alimshtaki kwa kuvunja ahadi ya ndoa. Mahakama ikamwamuru Rembrandt amlipe gulden 200 kwa mwaka. Mwaka uliofuata, kwa kuhusika kwake Rembrandt, Geertje alifungiwa katika nyumba ya marekebisho ya Gouda, alikotoka mwaka 1655. Nafasi yake nyumbani ilichukuliwa na mtumishi mwingine, Hendrickje Stoffels, ambaye mwaka 1654, akiwa mjamzito, aliitwa na baraza la kanisa kujibu shtaka la kuishi kwa uzinzi na mchoraji. Baraza lilimwadhibu Hendrickje kwa kumnyima meza ya Bwana.

Nje ya ngazi hii walikuwapo watu ambao hata nafasi ya chini hawakuhesabiwa kuwa nayo. Sheria za Amsterdam zilizochapishwa mwaka 1644 zilisema kwamba ndani ya mji watu wote ni huru na hakuna mtumwa. Wakati huo huo Waholanzi walikuwa wameiteka ngome ya Elmina katika pwani ya Afrika Magharibi mwaka 1637, na sukari iliyowekwa mezani katika nyumba hizi tulivu ilitoka katika mashamba ya watumwa. Waafrika wachache waliofika Uholanzi huonekana zaidi katika picha za watu mashuhuri kuliko katika michoro ya jikoni: mnamo mwaka 1668 Jan Mijtens alimchora Margaretha van Raephorst, mke wa amirali Cornelis Tromp, pamoja na kijana Mwafrika aliyewekwa kando yake ili weupe wa bibi na wa lulu zake uzidi kung'aa. Jikoni tunamkuta Mwafrika katika nchi nyingine, Hispania, ambako utumwa wa nyumbani ulikuwa halali na mji wa Seville ulikuwa na watumwa wengi. Huko, yapata mwaka 1618, Diego Velázquez, naye akiwa hajafikisha miaka 20, alimchora mwanamke mwenye asili ya Kiafrika akiwa ameinama juu ya meza ya jikoni. Mchoro huo, uliopo Dublin, uliposafishwa mwaka 1933, nyuma yake lilitokea dirisha lililokuwa limefunikwa kwa rangi, na ndani yake Kristo anakula na wanafunzi wa Emau. Mtumishi ameacha kazi kidogo na kuinamisha kichwa. Anasikiliza mazungumzo ambayo hakualikwa, na mchoraji amempa yeye nafasi ya mbele, huku karamu takatifu ikiwekwa nyuma na kwa umbo dogo.

Yote haya yalikuwa yakichorwa chini ya ngazi nyingine iliyowahusu wachoraji wenyewe. Mwaka 1667 mwandishi Mfaransa André Félibien aliandika kwa niaba ya chuo cha kifalme cha sanaa mjini Paris kwamba mchoraji wa matunda na maua yuko chini, wa wanyama na wa sura za watu wako juu yake, na wa historia na visa vitakatifu yuko kileleni. Matukio ya nyumbani hayakuwa na mahali pa kifahari. Miaka mia moja baadaye, mwaka 1769, mchoraji Mfaransa Jean-Baptiste Greuze aliwasilisha mchoro wa mfalme wa Kirumi akitumaini kuingia katika chuo hicho kama mchoraji wa historia. Walimpokea, lakini katika daraja la chini la wachoraji wa maisha ya kila siku, naye kwa uchungu akaacha kushiriki maonyesho yao kwa miaka mingi.

Rijksmuseum imeziweka kazi zake mtandaoni kwa ukubwa unaomwezesha mtu kuona hata mipasuko ya rangi, bila malipo, na makumbusho ya London na Dublin nayo yanaonyesha zao. Anayetaka kuanza aanze na Maes, kisha aende kwa mmimina maziwa, na katika kila picha aanze kutazama sakafuni na kwenye miguu, ambako ndara, ndoo na kapu vimewekwa, kabla ya kupanda kwenye nyuso.